Waliolala barabarani Nairobi na Delhi sasa wanaongoza wageni. Kindu ina watoto, na historia inayo

Mgeni akishuka bandarini Kindu na mizigo mikononi, mara nyingi wa kwanza kumkimbilia ni mtoto. Anataka kubeba mfuko. Kabla mgeni hajajibu, mtoto amekwisha kumwambia motari gani atamchukua kwa bei ya kweli, mtumbwi gani unavuka kwenda Alunguli bila kupakia watu kupita kiasi, na wapi sokoni atapata bugali na sombe kabla jua halijakuwa kali. Akilipwa, anapewa noti moja ya franka iliyochakaa. Asipolipwa, anafukuzwa kama mwizi.

Katika miji mingine kazi hiyo hiyo imepewa jina, bei na saa ya kuanza. Nairobi, nchini Kenya, vijana waliokulia barabarani wanatembeza wageni katikati ya mji chini ya jina Nai Nami, maana yake Nairobi pamoja nami. New Delhi, nchini India, vijana walioishi kwenye stesheni ya treni wanafanya hivyo tangu mwaka 2006. Wote wanauza kitu kimoja, yaani ujuzi wa mji walioupata wakati hawakuwa na pa kulala.

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, haijapata sifa kwa kazi ya namna hiyo. Lakini watoto wanaoujua mji kwa miguu yao wapo, na historia ipo, tena historia ambayo watu wa mbali wanaijua kuliko wenyeji wengi. Kinachokosekana kati ya hivyo viwili ndicho kinachofaa kuangaliwa, kwa sababu miji iliyofanikiwa haikuanza na wageni.

Delhi: kitanda kwanza

Habari ya Delhi ilianza na filamu. Mwaka 1988 mwongozaji wa India, Mira Nair, alitoa filamu ya Salaam Bombay!, juu ya maisha ya watoto wa barabarani wa mji wa Bombay. Wengi wa watoto waliocheza ndani yake walitoka barabarani kweli. Filamu ikapata sifa dunia nzima, na likabaki swali ambalo wenye kamera wengi hulikimbia: kamera zikifungwa, watoto hawa wanarudi wapi? Mwaka huo huo likaanzishwa shirika la Salaam Baalak Trust. Mama yake Mira, Praveen Nair, alikuwa kati ya walioliweka kwenye miguu yake.

Kazi ya Delhi ilianzia kwenye stesheni ya New Delhi, na sababu yake inaeleweka kwa mtu yeyote aliyekulia kando ya reli. Treni inamchukua mtoto bila kumuuliza anatoka wapi. Mtoto anayetoroka kijiji, akikimbia njaa, fimbo ya baba wa kambo au aibu ya kufukuzwa shule, hupanda behewa na kushuka pale njia inapokwisha. Stesheni ina maji, ina paa, ina chakula kilichoachwa na abiria, ina chupa tupu za kuokota na kuuza. Ina pia watu wazima wanaowinda watoto wa namna hiyo. Shirika likaenda pale pale kuwatafuta, likawapa mahali pa kulala, nguo, dawa na masomo, na wale walioweza kurudishwa kwa wazazi wakarudishwa.

Matembezi ya wageni yalikuja baadaye sana, mwaka 2006, miaka 18 baada ya shirika kuzaliwa. Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko filamu. Kijana anayesimama mbele ya wageni katika vichochoro vya Paharganj, karibu na stesheni, hatoki barabarani asubuhi hiyo. Amelala kitandani kwa miaka, amesoma, amejifunza Kiingereza, amefundishwa namna ya kusimulia na namna ya kunyamaza. Anaonyesha wapi watoto walikuwa wanauza chupa, wapi walificha pesa zisiibwe usiku, kisha mwishoni anaeleza yeye mwenyewe alifikaje Delhi. Pesa za matembezi zinarudi kwenye kazi ya kulea wengine.

Tena, kuongoza wageni si lazima kuwe kazi ya maisha. Kwa wengi wao ni ngazi: mwaka mmoja au miwili ya kusema mbele ya watu, halafu masomo ya juu au kazi nyingine. Mmoja wa watoto waliolelewa na shirika hilo, Vicky Roy, alitoroka kwao Purulia, Bengali ya Magharibi, akiwa na miaka 11. Aliokota chupa stesheni, akaosha vyombo mkahawani, kisha akapokelewa na shirika. Leo ni mpiga picha anayejulikana ulimwenguni, na mwaka 2016 gazeti la Forbes Asia lilimweka katika orodha yake ya vijana wa chini ya miaka 30. Alichokibeba kutoka stesheni ni jicho lake.

Nairobi: mji kwa macho ya chokoraa

Kila mji una neno lake kwa watoto hawa, na kila neno lilianza kama tusi. Goma na Bukavu husema maibobo. Kinshasa husema shege. Nairobi ni chokoraa. Hesabu ya kitaifa iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilikuta watu 46,639 wanaoishi barabarani, na Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337 kati yao. Hiyo ni nchi iliyokwisha kujaribu. Mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoingia, iliunda mfuko wa kuzisaidia familia za barabarani, na vijana kadhaa wakapelekwa katika huduma ya vijana ya taifa kujifunza kazi.

Vijana wa Nai Nami walijitafutia njia nyingine. Wanakutana na wageni katikati ya mji na kuwatembeza kwa karibu saa tatu, kwa miguu, katika mitaa ambayo vitabu vya watalii huwaambia wazungu waipite haraka. Wanatumia majina yao ya barabarani. Wanaeleza walikolala, walivyovuta gundi ili wasisikie njaa na baridi, walivyokimbizwa na polisi, na nani aliwanyooshea mkono. Mgeni aliyekuja Kenya kuona simba na tembo anaondoka akiwa amejua kwamba mitaa yenyewe ina sheria zake na wakubwa wake.

Kuna jambo moja dogo hapo. Watu wanaofundisha kuongoza wageni katika shule za utalii huwafundisha wanafunzi tarehe za majengo na majina ya wajenzi. Chokoraa wa zamani hawezi kushindana na hao kwa tarehe. Anashinda kwa kitu kingine: anajua mlango upi unafunguliwa saa ngapi, mlinzi yupi ana huruma, mvua ikinyesha maji yanakimbilia upande gani. Anajua mji kama mvuvi wa Lualaba anavyojua mto, kwa sababu kutokujua kungemuua.

Mfano mwingine wa ujuzi usiohesabiwa uko karibu zaidi na Maniema. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza aina mpya ya nyani katika misitu ya bonde la Lomami, na jina alilopewa ni lesula. Habari ikazunguka dunia kama ugunduzi. Lesula lakini ni jina ambalo watu wa huko walikuwa wanalitumia zamani. Wawindaji walimjua, walimla, walimwita. Ilibidi tu mtu mwenye kalamu afike na kuuliza.

Bei ya kusimulia maumivu

Si kila aliyepita barabarani anakubali biashara hii. Mkenya Kennedy Odede alitoka nyumbani akiwa na miaka 10 hivi, akaishi katika barabara za Nairobi kabla ya kurudi Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004. Leo ni kati ya viongozi wa jamii wanaojulikana zaidi Afrika ya Mashariki. Agosti 2010 aliandika katika gazeti la New York Times kupinga matembezi ya watalii katika mitaa ya maskini. Alisimulia kwamba akiwa na miaka 16 alikuwa nje ya nyumba yao akiosha vyombo, siku mbili hajala, na mwanamke mzungu akampiga picha. Mwanamke akaenda zake. Yeye akabaki pale na vyombo na njaa yake.

Hoja ya Odede ni nzito na haiwezi kupitwa kando. Mgeni anapata picha na hadithi ya kuwasimulia marafiki. Aliyepigwa picha hapati kitu, na zaidi anajua kwamba ametazamwa kama mnyama wa bustani. Wanaotetea matembezi hujibu kwamba kwao mambo yamegeuzwa: anayesimulia ni mwenye hadithi, ndiye anayechagua njia, ndiye anayepokea malipo, na mtoto aliye bado barabarani hafanywi maonyesho. Jibu hilo ni la haki pale linapofuatwa. Lakini hata kijana aliyelipwa vizuri anasimulia usiku wake mbaya kuliko wote mara mbili kwa siku, siku sita kwa juma. Mtu yeyote aliyewahi kurudia kisa cha msiba mbele ya wageni kilioni anajua kwamba mara ya kumi maneno hutoka bila moyo, na pengine hilo ni jambo la kumwokoa.

Congo yenyewe ina mfano wake, ingawa ni wa muziki. Roger Landu alikuwa mtoto wa barabara za Kinshasa, akipiga satonge, chombo cha waya mmoja alichokiunda kwa kopo la bati, wakati wanamuziki wa Staff Benda Bilili walipomchukua. Kundi hilo, ambalo wengi wake walikuwa watu wenye ulemavu wa polio, lilifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Mwaka 2009 lilitoa albamu, mwaka 2010 filamu juu yake ikaonyeshwa Cannes, na Ulaya ikanunua tiketi ili kusikia habari ya watu wanaolala juu ya makartoni. Kundi liligawanyika mwaka 2013.

Mwaka huo huo Kinshasa ilionyesha jicho lingine juu ya vijana wa barabarani. Novemba 2013 polisi walianza operesheni iliyoitwa Likofi, yaani ngumi kwa Kilingala, dhidi ya magenge ya kuluna. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 hawakuonekana tena, na kati ya waliouawa walikuwemo watoto. Baadaye serikali ilichukua njia nyingine, ikawapeleka vijana wa kuluna Kaniama-Kasese, katika jimbo la Haut-Lomami, kulima na kutengeneza madawati chini ya huduma ya taifa. Kati ya risasi na jembe kuna tofauti kubwa. Hata hivyo njia zote mbili zinamwondoa kijana mjini. Wazo la kumfanya mwongoza wageni ni la peke yake kwa sababu linamwacha pale pale na kusema: mji huu wewe unaujua, tuonyeshe.

Kindu ingeonyesha nini?

Swali la kwanza la mtu wa Kindu litakuwa hilo. Mji hauna tembo wala volkano kama Goma. Jibu liko kwenye gare na kando ya maji.

Kindu kama mji imetengenezwa na kikwazo cha mto. Lualaba unapitika kwa boti kutoka Kindu kushuka mpaka Ubundu, halafu maporomoko yanazuia mpaka Kisangani. Kupanda juu upande wa Kongolo, kuna Mlango wa Jehanamu, ambapo maji yanabanwa kati ya miamba. Mbelgiji Édouard Empain, yule yule ambaye kampuni zake zilijenga metro ya Paris, aliunda mwaka 1902 kampuni ya reli iliyoitwa CFL ili kuruka vikwazo hivyo: treni kutoka Kisangani mpaka Ubundu, boti mpaka Kindu, treni tena mpaka Kongolo. Reli ya Kindu–Kongolo ina kilomita 355 na ilimalizika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabelgiji wakaita mji Port-Empain. Jina limekufa, gare na bandari, sababu ya jina hilo, ziko mahali pake. Ndiyo maana watoto wasio na nyumba huenda hapo. Mizigo ikibadilisha chombo, lazima mtu aibebe.

Kabla ya reli kulikuwa na misafara. Kiswahili kinachosemwa Kindu hakikufika na redio. Kilifika na watu wa Zanzibar na Tanganyika katika karne ya 19, kupitia Kasongo na Nyangwe, na Tippu Tip alikuwa mkubwa wao. Soko la Nyangwe, Julai 15, 1871, ndipo watu wa misafara walipofyatulia risasi umati na kuua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. David Livingstone alikuwa hapo na aliona kwa macho yake. Alichokiandika kilichochea Uingereza kumbana Sultani wa Zanzibar mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Mwongoza wageni anayesimama Kindu na kusema habari hiyo kwa Kiswahili, lugha iliyoletwa na misafara hiyo hiyo, ana la kusema kuliko jumba la makumbusho.

Halafu kuna siku ambayo Italia haijaisahau. Novemba 11, 1961, ndege mbili aina ya C-119 kutoka kikosi cha Pisa zilitua Kindu zikileta vifaa kwa askari wa Malaya wa Umoja wa Mataifa. Ndani walikuwa Waitaliano 13. Askari wa Congo waliokuwa mjini waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga, wakawakamata na kuwaua. Maiti zao zilikutwa miezi kadhaa baadaye katika makaburi ya Tokolote. Italia nzima ililia. Pisa ina mahali pa ukumbusho kando ya uwanja wa ndege, na katika miji mingi ya nchi hiyo kuna barabara au uwanja wenye jina la Kindu. Mtaliano ambaye hawezi kuonyesha Kinshasa kwenye ramani anaweza kuwa amekulia katika mtaa wa Waliokufa Kindu. Ni watoto wangapi wa komini ya Kasuku au ya Mikelenge wanaojua kwamba jina la mji wao limeandikwa ukutani huko?

Simba waliuteka mji mwaka 1964, na Novemba mwaka huo jeshi pamoja na mamluki wakaurudisha. Oktoba 1998 ilikuwa zamu ya RCD, na miaka iliyofuata mji ulikuwa umezungukwa. Vijijini walikuwa Mai-Mai, mjini waasi, na katikati watu waliotafuta chumvi na sabuni. Treni ilisimama. Baiskeli zikawa malori. Vijana walisukuma mizigo njia za msituni kwa siku nyingi. Watoto wengi wa Maniema walipoteza wazazi au njia ya kurudi kwao wakati huo, na wengine walibebeshwa bunduki.

Na upande wa msitu, mwaka 2016 iliundwa hifadhi ya taifa ya Lomami, yenye eneo la kilomita za mraba 8,879 kati ya Tshopo na Maniema, makao ya lesula. Anayetaka kuifikia kwa upande wa Maniema, Kindu ndio mlango.

Nani atalipa?

Hapa ndipo wazo linapopigana na hali halisi. Nairobi hupokea watalii kwa mamia ya maelfu. Delhi ni mji mkuu wa nchi ya watu zaidi ya bilioni. Kindu hupokea wachuuzi, watumishi wa serikali wanaotumwa kazi, watu wa mashirika, mapadri, watafiti, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu kutoka vijijini, na wanunuzi wa madini ya Kalima na Punia. Hao si watalii. Hawatalipa saa tatu za kusikia habari za usiku wa sokoni.

Lakini hao wote ni wageni, na kila mgeni mwaka wake wa kwanza hulipa kodi ya ujinga: bei mara mbili kwa motari, chumba chenye paa linalovuja, mzigo uliopotea bandarini, siku nzima ofisini akitafuta karatasi ambayo ingepatikana asubuhi moja. Mtafiti anayefika kwa ajili ya Lomami anahitaji mtu wa kumtafutia mtumbwi, mafuta, chakula cha safari na mkalimani. Mwanafunzi mpya anahitaji nyumba karibu na chuo. Huo ndio utalii wa Kindu wa leo, na hautaonekana kwenye kadi ya posta. Kijana anayejua mji angeweza kuanza hapo, Mtaliano mmoja akija siku moja kutafuta Tokolote ikawa ziada.

Kuna na jambo la karatasi. Congo si nchi ya kutembea na kamera mkononi. Bandari, gare, uwanja wa ndege, kambi ya askari: mgeni akipiga picha hapo anaweza kukutwa ofisini akijieleza mpaka jioni. Mwongoza wageni asiye na kibali cha idara ya utalii wala kadi yenye picha yake ataonekana kama mlaghai, na kama alikuwa shege polisi wanamjua kwa jina, ubaya utakuwa mara mbili. Kadi hiyo ndogo ya plastiki ingekuwa na thamani kwake kuliko mafunzo ya mwezi mzima. Ingekuwa mara ya kwanza mji umeandika kwamba yeye ni wake.

Sheria inasema nini

Watoto wenyewe lakini hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo, na inafaa kusemwa wazi kwa sababu wazo zuri linaharibika haraka. Sheria ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamweka mtoto aliyetupwa au anayeombaomba kati ya watoto wenye haki ya ulinzi wa pekee. Inaadhibu pia kwa kifungo mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Katiba ya 2006 ilikwisha kukataza jambo hilo. Kipengele hicho hakikuwekwa bure. Watoto wengi waliomo barabarani mwa miji ya Congo hawakukimbia peke yao. Walitolewa nje na ndugu, baada ya kifo cha mzazi, ugonjwa wa mtoto mdogo au biashara iliyoanguka, na mchungaji mmoja aliyesema ameona roho. Mtoto wa namna hiyo hawezi kurudishwa nyumbani kwa gari na kuachwa mlangoni. Aliyemfukuza ndiye atakayefungua.

Shule ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilifungua mlango mwingine. Haimrudishi darasani mtoto wa miaka 14 ambaye hajui kusoma na ambaye anapata chakula chake kwa kubeba magunia. Huyo anahitaji darasa la watu wa umri wake, saa ambazo bandari haina kazi, na sahani ya chakula hapo hapo. Ni hesabu ile ya Delhi tena. Miaka 18 kati ya kitanda cha kwanza na mgeni wa kwanza inatisha, na pengine Kindu haihitaji yote. Lakini aliyeanza kwa kumpa mtoto aliyelala sokoni jana tisheti yenye neno guide atakuwa amemwongezea mzigo mwingine tu wa kubeba.

Kuna kazi moja inayoweza kufanyika bila kumngoja mgeni wala mfadhili. Kijana aliyetoka barabarani anajua vichochoro, ila hajui Port-Empain ilikuwa nini wala nani alizikwa Tokolote. Wanaojua ni wazee: wastaafu wa SNCC waliorithi reli ya CFL, mabaharia wa boti za Ubundu, akina mama waliouza sokoni mwaka 1964 na 1998. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye daftari. Wazee hao wanakaa Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya Alunguli, na wengi hawahitaji kulipwa zaidi ya sukari ya chai na mtu mwenye subira.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Simba walipoingia Kindu amekwisha kupita miaka 70 sasa.